Siku Nilipochemsha Chokaa Mbele ya Ukuta wa Masista

Jamani, wengi wenu mmeshaiona ile video, najua, maana Otieno aliisambaza kabla hata nguo zangu hazijakauka. Lakini video inaanza katikati, inamwonyesha mtu mweupe kama aliyeanguka kwenye pipa la unga anakimbia na chupa mkononi, haionyeshi mtu huyo alifikaje pale. Kwa hiyo leo nasimulia mwenyewe kwa mdomo wangu, na mkitaka kucheka chekeni tu, mimi nimeshachekwa na watu wa zimamoto wa Toronto, wamevaa makofia yao kamili, hakuna kicheko kingine kitakachoniuma kuliko hicho.

Miaka ile, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili na kumi hivi, nilikuwa nakaa kwenye yale maghorofa ya Dixon, hapa Toronto, na mke wangu, Mama Ilham, na binti yetu. Kwetu Unguja nilikuwa nauza simu Darajani, na huku nilikuwa napakia mizigo kwenye ghala karibu na uwanja wa ndege, mpaka siku moja ghala likahamishiwa mji mwingine na sisi tukaambiwa asanteni sana. Nikakaa nyumbani miezi mitatu mizima (asiyewahi kukaa nyumbani miezi mitatu mke anatoka kwenda kazini hajui urefu wa mchana). Otieno, Mkenya tuliyekuwa naye ghorofa moja, ndiye aliyeniambia kuna mama mmoja anaitwa Lorna, ana kampuni yake ndogo ya kutengeneza majengo ya zamani, anatafuta mtu wa kubeba mawe.

Bi Lorna nilimkuta kwenye gari lake, mama mfupi, mikono migumu kuliko yangu, anakunywa kahawa. Akaniuliza natoka wapi, nikamwambia Zanzibar. Macho yakamwaka.

"Kule kwenye mji wa mawe? Basi wewe chokaa unaijua!"

Hapo, jamani. Hapo ndipo ningesema, "Hapana mama, anayeijua ni baba yangu," na mambo yote yangeishia pale. Maana baba ni fundi chokaa tangu ujana wake, amechoma mawe kwenye matanuu, amezima chokaa kwa maji, amepaka nyumba za watu Mji Mkongwe mpaka mgongo ukapinda, na mimi mwanawe wa kwanza nilikuwa nikimwona anarudi mweupe hadi kwenye nyusi najificha nyuma ya mlango wenzangu wasije wakajua ni wangu. Mwiko wake sijaushika hata siku moja. Lakini nilimtazama yule mama, nikafikiria sura ya Mama Ilham nikirudi tena na majibu yale yale, na mdomo ukajisemea wenyewe:

"Naijua tangu mdogo. Kwetu ni kazi ya ukoo."

Kesho yake nikaanza.

Kazi yenyewe ilikuwa ukuta. Upande wa magharibi wa mji kuna nyumba ya zamani ya masista wa Kikatoliki, na imezungushiwa ukuta mrefu wa mawe ya kijivu, unampita mtu kimo, unatoka barabarani unateremka mpaka kwenye bonde lenye miti. Masista wa kwanza walipofika kutoka Ufaransa waliujenga kwa kuiga ukuta wa nyumba yao mama kule kwao, ambayo ni ya zama za kati, watu wamesali humo karne na karne. Na si kuiga tu, walikuja na jiwe moja melini, jiwe la ule ukuta wa kale wenyewe, limechongwa msalaba mdogo, wakalijenga pembeni mwa lango. Mji umeuandika ukuta mzima katika orodha ya vitu vya kulindwa, hata msumari huruhusiwi kuupigilia bila kibali. Masista walikuwa wamebaki watatu, nyumba imewashinda, uwanja ulishauzwa kwa wajenzi wa maghorofa, na wajenzi wale walikuwa wanaomba ruhusa ya kuuvunja ukuta pale langoni ili magari yapite vizuri. Mji ulikuwa bado haujawajibu. Sisi kazi yetu ilikuwa kuukarabati kama ulivyo.

Basi nikawa fundi chokaa. Na ajabu ni kwamba uongo wangu ulikaa vizuri tu, kwa sababu chokaa huku haizimwi kazini, inaletwa tayari kwenye ndoo, laini kama mtindi mzito, wewe unachanganya na mchanga unajaza kwenye maungio ya mawe. Bi Lorna akiniuliza kitu natikisa kichwa taratibu kama mtu anayekumbuka mengi, nasema, "Kwetu tunafanya karibu na hivyo hivyo," na yeye anafurahi. Nikanogewa. Nikawa nasema hata nisiyoulizwa. Msikitini, Ijumaa, niliwaambia watu kwamba Wazungu wamenichukua niwafundishe kuhifadhi kuta zao (Mama Ilham alikuwa upande wa wanawake lakini habari zilimfikia, na usiku alinitazama tu, na mimi nikajifanya nimelala).

Masista wale mmoja ndiye aliyekuwa na nguvu za kutoka nje, Sista Agnes, bibi wa karibu miaka tisini, mwembamba, anatembea na fimbo. Kila asubuhi, theluji isipokuwa nyingi, alikuja langoni akaligusa lile jiwe lenye msalaba kwa vidole viwili, akasimama kidogo, akarudi ndani. Mimi ananisalimia kwa jina. Siku moja alinieleza kwamba alikuja pale msichana wa miaka kumi na tisa na siku ya kwanza alilia, sista mkubwa akamshika mkono akamwekea juu ya jiwe lile akamwambia, "Hili nalo limehama." Nakwambieni hili ili mjue nilichokiharibu.

Sasa hapa Toronto kuna siku moja kila mwaka majengo ya zamani yanafunguliwa, watu wanaingia bure kutazama. Mwaka ule na ukuta wetu ukawekwa kwenye orodha. Bi Lorna akanijia amefurahi kama mtoto wa Sikukuu.

"Salum, nimepata wazo! Nimeagiza mfuko wa chokaa ambayo haijazimwa. Utaizima mbele ya watu kwa namna ya kwenu, kama anavyofanya baba yako. Mtu wa ofisi ya mji anakuja, na gazeti la mtaa linakuja. Watu wakiona ufundi wenyewe watauthamini ukuta."

Ndugu zangu, nilikuwa na wiki tatu za kusema ukweli. Wiki tatu! Nilikuwa na simu ya kumpigia baba pia, dakika kumi tu angenieleza. Lakini nimpigie baba nimwambie nini, kwamba kazi niliyoikimbia miaka thelathini ndiyo inayonilisha, tena kwa uongo? Nikajiambia kuzima chokaa ni nini, si kumwagia maji tu? Nilimwona mara ngapi akimwaga maji? Sikumbuki alimwaga kwenye nini, wala kiasi gani, wala nini kwanza, kwa sababu nilikuwa nyuma ya mlango.

Siku ikafika, Jumamosi, jua zuri la mwisho wa Mei. Watu wamejaa, kama mia hivi, wazee na vigari vya watoto, na upande mmoja meza ya chai na chipsi za kuchangia masista. Na watu wa Dixon nao wamekuja, nusu ya msikiti, wamevaa vizuri kuja kumwona fundi wao. Mama Ilham kashika mkono wa binti yetu. Otieno mbele kabisa, simu juu. Sista Agnes wamemwekea kiti karibu na lango.

Bi Lorna alikuwa amefunga kamba kuzuia watu wasisogee (hiyo kamba ndiyo iliyotuokoa, mjue), akanipa miwani ya kazi na glavu, akaniambia pipa la chuma liko kwenye gari, analifuata, nimsubiri. Akaenda. Njiani mtu wa mji, bwana mrefu mwenye ndevu, akamkamata kwa maswali upande wa bondeni. Dakika tano. Dakika kumi. Watu wakaanza kutazama saa.

"Buda, waonyeshe hao!" Otieno akapaza sauti. "Tumetoka mbali!"

Watu wakacheka, wakapiga makofi, wakidhani ndio maonyesho yameanza. Nami nikaangalia huku na huku, nikaliona lile pipa la bluu la plastiki la mji, lile la makaratasi na makopo, lenye magurudumu. Nikasema pipa ni pipa. Nikamwaga makaratasi pembeni, nikalisogeza karibu na ukuta ili picha itoke nzuri na jiwe la msalaba lionekane nyuma yangu (hilo nalo nililifikiria, jamani, picha!), nikatia mfuko mzima wa chokaa, mabonge meupe, halafu nikamwagia ndoo ya maji juu yake.

Kimya. Hakuna kilichotokea. Mabonge yananitazama, mimi nayatazama. Nikaanza kuzungumza, "Babu zetu walifanya hivi," na jasho linanitoka chini ya miwani. Dakika mbili. Mtoto mmoja akauliza mama yake kama imekwisha. Nikajua chokaa imelala kwa baridi ya maji, nikaenda meza ya chai nikachukua birika zima la maji ya moto, nikalimimina lote.

Ikaamka.

Kwanza ilitoa sauti, kama mtu anayesafisha koo. Halafu ikachemka, mvuke ukapanda mweupe mpaka juu ya ukuta, watu wakasema "Aaah!" kwa furaha, na mimi kwa sekunde tatu hivi nilikuwa mtu mkubwa kabisa Toronto nzima. Kisha nikaona tumbo la lile pipa linavimba. Plastiki ikalainika, ikajikunja, upande mmoja ukashuka kama shavu la mzee, pipa likapasuka na uji wa moto ukaruka, paa, paa, paa, ukatapakaa ukutani, ukalirukia jiwe la msalaba, ukanirukia mimi toka kifuani mpaka viatuni. Watu wakapiga kelele wakarudi nyuma. Mtu akapiga simu zimamoto. Hakuna mgeni aliyeguswa, namshukuru Mungu, ila mimi miguuni palichomeka sehemu nne, alama ninazo.

Hapo ningesimama tu nikatulia, aibu ingekuwa ya pipa basi. Lakini niliona lile jiwe limepakwa uji mweupe na Sista Agnes anajaribu kuinuka kitini, nikachanganyikiwa. Nikakumbuka birika letu la nyumbani likishika ukoko mweupe wa maji Mama Ilham anausafisha kwa siki, unatoka mara moja. Na huku watu wanakula chipsi kwa siki. Nikakimbia mezani (hapa ndipo video ya Otieno inapoanza), nikanyakua chupa, nikarudi mbio, nikalimwagia jiwe chupa nzima.

Jiwe likafanya povu. Lilifanya povu kama soda, na maji ya kijivu yakaanza kuteremka juu ya msalaba.

"Acha! Salum, acha! Hiyo inakula jiwe!"

Alikuwa Bi Lorna, anakuja mbio, pipa lake la chuma mkononi. Alinisukuma kando na kuliinamia jiwe. Mimi nimesimama na chupa tupu. Sista Agnes alikuwa ameshafika, ananipita kama sipo, akanyoosha vile vidole viwili akaligusa pale povu lilipokuwa. Angenipiga na fimbo ningefurahi. Akasema kwa sauti ndogo, bila kunitazama:

"Maji. Maji masafi mengi, haraka."

Tulimwagia maji masafi, mimi na Bi Lorna na Mama Ilham, ambaye aliruka kamba na buibui lake bila kuuliza mtu, ndoo juu ya ndoo, tunapangusa kwa sifongo. Watu wa zimamoto wakaja na ving'ora, wakaona pipa lililoyeyuka, wakauliza kumetokea nini, na mmoja alipoelezwa akageuka upande ili nisione anavyocheka. Nilimwona.

Yule bwana wa mji akaja na daftari. Akamuuliza Bi Lorna, mbele ya watu wote na yule mwandishi wa gazeti, "Huyu si ndiye mtaalamu wako wa chokaa?"

Bi Lorna akafungua mdomo. Nikaona anataka kunitetea, anatafuta la kusema, na likitoka, jina la kampuni yake ndilo litakaloingia daftarini. Na nilijua pia wale wajenzi wa maghorofa wanasubiri sababu yoyote ya kuuvunja ukuta. Nikavua miwani.

"Mimi si mtaalamu," nikasema. "Nilimdanganya. Anayejua chokaa ni baba yangu. Mimi nilikuwa nauza simu."

 Nikasikia binti yangu anamuuliza mama yake kwa Kiingereza chake, "Kwa nini Baba anasema hivyo?" na Mama Ilham akamjibu kwa Kiswahili, wazi, watu wa Dixon wote wasikie: "Kwa sababu ndiyo kweli."

Tulirudi nyumbani kwa basi, mimi nimesimama njia nzima maana nguo zilikuwa zinaacha unga kila nilipogusa. Mama Ilham hakunigombeza. Alinipaka dawa miguuni, akaniletea simu, akaiweka juu ya goti langu akatoka chumbani.

Kule Unguja kulikuwa alfajiri. "Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Kuna nini saa hizi?"

Nikamweleza yote, tangu ile siku ya garini. Alisikiliza bila kunikata. Halafu akauliza, taratibu, "Ulitia maji juu ya chokaa, au chokaa ndani ya maji?"

"Maji juu ya chokaa, baba."

"Eh. Na maji ya moto ya nini?"

"Nilidhani imelala."

"Kwenye plastiki?"

 Nikasikia anavuta pumzi, nikadhani analia, kumbe anacheka, mzee anacheka mpaka anakohoa, mama anamuuliza kuna nini. Alipotulia akasema, "Chokaa unaitia ndani ya maji, kidogo kidogo, na mtu anasimama upande unaotoka upepo. Ungeniuliza." Kisha akasema tena, bila kicheko, "Miaka yote hiyo, ungeniuliza tu." Hilo la pili ndilo lililonichoma kuliko chokaa yenyewe.

Bi Lorna alinisimamisha kazi wiki mbili, na alikuwa na haki ya kunifukuza. Aliponiita alisema narudi kama kibarua, sishiki mwiko mpaka aseme yeye, na uongo mwingine mmoja tu nakwenda nyumbani moja kwa moja. Nikakubali. Kwa Sista Agnes nilikwenda peke yangu, nikamwomba radhi mlangoni. Akasema jiwe lina miaka mingi na limepata mabaya kuliko mimi, lakini alikuwa amekasirika na bado amekasirika, nije tena Jumatatu. Nikaja Jumatatu, na Jumatatu nyingine, namsukuma bustanini kwenye kiti cha magurudumu alichokuwa ameanza kutumia, na baada ya kama miezi miwili hivi akasema hasira zimekwisha, lakini niendelee kuja. Nikaendelea mpaka alipofariki, miaka miwili baadaye.

Ukuta haukuvunjwa. Mji uliwakatalia wale wajenzi, magari yao yanazunguka upande wa pili, na mimi sidai sifa yoyote hapo. Lakini jiwe halikurudi lilivyokuwa. Chini ya msalaba kuna doa jeupe, ukubwa wa kiganja, pale siki ilipokula ule weusi wa karne na karne, na mtaalamu aliyeletwa na mji alisema haliondoki, litabaki hivyo. Kila mwaka siku ya wageni mtu lazima aulize hilo doa ni nini. Kijana anayeongoza wageni huwa anajibu kwa adabu kwamba kulikuwa na kosa la mfanyakazi mmoja. Nami siku hiyo huwa nipo pale na mwiko wangu, maana sasa chokaa nimejifunza kweli, nusu kwa Bi Lorna na nusu kwa baba kwenye simu kila Ijumaa, basi nanyoosha mkono nasema mfanyakazi huyo ni mimi, na nawaeleza yote kama ninavyowaeleza nyinyi.

Nimeapa, ndugu zangu, na mke wangu ni shahidi. Kitu nisichokijua nasema sikijui, papo hapo, kwa sauti, hata kama aliyeniuliza ana kazi mkononi ya kunipa. Inauma kidogo, halafu inaisha. Ile aibu nyingine niliyoifanya haiishi, ipo ukutani, na watoto wa shule wanaipiga picha.